Nani Ameishika Ngazi?

Mheshimiwa aliingia dukani Alhamisi saa kumi jioni, mashine kubwa ikiwa bado inatapika kalenda za kanisa. Hakutaka kiti. Alisimama nyuma yangu, akaegemea meza ya kukatia karatasi, akaniambia nimchoree ngazi.

"Ngazi ya aina gani, Mheshimiwa?"

"Ngazi tu, ya kawaida. Chini andika WADI, juu andika BUNGE. Mimi niweke katikati, mguu mmoja uko juu."

Ni MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti (diwani wa siku hizi), wa muhula wa pili, na wadi yake haiko kaunti hii. Huvuka mpaka kuja kuchapisha Kisumu kwa sababu, anavyosema mwenyewe, kwao ukimpelekea fundi kazi asubuhi, jioni mpinzani wako ana bango lenye upana mara mbili. Sasa anautaka ubunge, Agosti 2027. Bango la mita tatu kwa moja, matundu ya kamba pembe zote nne, na maneno mawili chini: TUPANDE PAMOJA. Akaacha nusu ya malipo, akaondoka, marashi yake yakabaki.

Kuchora ngazi si kazi. Mistari miwili mirefu, vidato saba katikati. Nilikuwa naisafisha picha yake (alipigwa harusini, kuna mkono wa mtu begani) Mama Mandazi alipoingia kutoa nakala ya leseni yake ya biashara. Mama huyu amepita miaka sitini na hodi hapigi. Akainamia skrini.

"Huyu anapanda kwenda wapi?"

"Bungeni, mama."

Akaitazama ngazi kutoka chini hadi juu, kama anayekagua samaki kabla ya kutaja bei. "Na nani ameishika?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akachukua nakala yake, akalipa, akaenda zake.

Wiki nne zikapita. Bango halikuchapishwa. Mheshimiwa alipopiga simu nilimwambia wino mwekundu umeisha.

## Kupanda, kuhama

Diwani akiwa mbunge, tunasema amepanda. Sijawahi kusikia mtu akisema amehama.

Nachapisha mabango ya siasa tangu uchaguzi wa 2013, ule wa kwanza wa kaunti, na maneno yamekuwa yale yale: twende juu, hatua nyingine, kidato kinachofuata. Nimeyapanga kwa herufi kubwa mara nyingi mno hata nikaacha kuyasoma. Ndiyo maana swali la mama lilinipata vibaya. Mimi ndiye niliyechora ngazi iliyosimama hewani, na sikuona.

Basi nikaanza kumfikiria mtu ambaye hapa Kisumu huwezi kuzungumza habari za ngazi bila kumtaja. Grace Onyango.

Nya'Bungu. Binti wa kichakani.

Historia yake mnaijua, au mliisoma Machi 2023 alipofariki, tarehe 8, Siku ya Wanawake Duniani, kana kwamba alichagua. Mwalimu. Diwani. Mwaka 1965, baada ya kifo cha Meya Mathias Ondiek, akakalia kiti cha umeya wa Kisumu, mwanamke wa kwanza Kenya kuwa meya. Mwaka 1969 akawa mbunge wa Kisumu Mjini, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wapiga kura kuingia Bunge la Kenya. Baadaye, wa kwanza kukalia kiti cha Spika. Rambirambi zote zilimwandika hivyo: wa kwanza, wa kwanza, wa kwanza. Kidato, kidato, kidato.

Mimi kilichonisumbua ni uwazi ulio kati ya kidato kimoja na kingine. Kati ya 1965 na 1969. Meya ana mji mzima mikononi mwake. Anauachaje?

## Mlango unaojulikana

Sensa ya 1969 iliikuta Kisumu na watu 32,431. Fikiria udogo huo. Leo mtaa mmoja tu wa pembezoni, ukihesabu na vibanda, unakaribia idadi hiyo. Mji wa namna ile ulikuwa na soko lake, maji yake, taka zake, leseni zake, nyumba za kupanga, shule za msingi na zahanati, na vyote hivyo vilipita mezani kwa baraza la manispaa. Meya hakupigiwa kura na umma moja kwa moja; madiwani walimchagua miongoni mwao. Lakini diwani mwenyewe alikuwa na mtaa, na mtaa ulikuwa na watu wanaojua anakolala.

Bomba likipasuka, unajua mlango wa kubisha.

Hiki ndicho nilichokuwa nakiandika kichwani wiki ya kwanza na ya pili: kwamba siasa ya mtaani ni siasa ya vitu vinavyoshikika. Diwani anaulizwa habari za mfereji, na mfereji uko pale, ama unanuka ama haunuki. Mbunge, tena mbunge wa zama zile, alikuwa na kitu kimoja tu. Mdomo. Anasimama, anamuuliza waziri swali, waziri anajibu au anazunguka, karani anaandika. Hansard, kumbukumbu za Bunge, haizibui mtaro.

Kwa hesabu hiyo, Grace Onyango alihama. Aliacha kazi ya kutenda akaenda kwenye kazi ya kuuliza, na sisi tukaita kupanda.

Nilikuwa nimeridhika na hoja yangu. Hata nilikuwa na kichwa cha makala tayari.

Wala hakuwa peke yake. Charles Rubia, aliyekuwa meya wa Nairobi kuanzia 1962 hadi 1967, naye aliingia bungeni kwa uchaguzi huo huo wa 1969, kwa kiti cha Starehe. Miaka mingi baadaye Mombasa ilimwona Najib Balala akitoka umeya na kisha, mwaka 2002, kuwa mbunge wa Mvita. Umeya wetu uligeuka baraza la kusubiria: unakaa, unakunywa chai, gari la Nairobi likija unapanda.

Na ukweli ni kwamba serikali yenyewe ilikuwa inayapunguzia mabaraza madaraka. Sheria ya 1969 iliyanyang'anya mabaraza ya kaunti shule za msingi, afya na barabara kuanzia Januari 1970. Manispaa kama Kisumu ziliponea, lakini mtu mwenye macho aliona madaraka yanaelekea upande gani. Ukiwa meya mwaka ule na bado unataka kusikika, hukuwa na sababu nyingi za kubaki.

Hapo hoja yangu ilikuwa bado imesimama. Kilichoiangusha ni Oktoba.

## Oktoba

Mama Mandazi alirudi wiki ya tatu. Safari hii alitaka leseni yake ipigwe plastiki, kwa sababu ile ya karatasi inalowa mafuta. Nikamuuliza kama anakumbuka uchaguzi wa Grace Onyango.

"Nilikuwa darasa la pili," akasema. "Nakumbuka kilichotangulia."

Kilichotangulia hakuna Mkisumu anayehitaji kuelezwa, lakini nitakitaja kwa tarehe tu. Tarehe 5 Julai 1969, waziri Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi. Tarehe 25 Oktoba, Rais Kenyatta alikuja hapa kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile tunayoiita Russia mpaka leo hata baada ya kupewa jina la Jaramogi. Yeye na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa chama cha upinzani cha KPU, wakarushiana maneno mbele ya umati. Kisha risasi. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 11. Mjini hapa hesabu hiyo haijawahi kukubaliwa. Ndani ya siku chache KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini.

Uchaguzi ukafanyika tarehe 6 Desemba. Wiki sita baadaye.

"Mama yetu alitufungia ndani," akasema Mama Mandazi. "Muhogo wa kuchemsha, asubuhi na jioni. Tulikatazwa hata kuchungulia dirishani."

"Halafu?"

"Halafu Desemba watu wakaenda kupiga kura."

Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua ilinyesha na baadaye ikakatika. Akaichukua leseni yake, akaipuliza ipoe, akaigeuza geuza kuangalia kama kuna kiputo cha hewa.

Nilikaa na sentensi hiyo kwa siku kadhaa. Watu wakaenda kupiga kura. Waliyemtaka yuko kizuizini. Chama chao hakipo. Kwenye karatasi kuna KANU, chama tawala, pekee. Mjini kuna makaburi mabichi. Na katika hali hiyo wanamchagua mwalimu, mwanamke, aliyekuwa meya wao, aende akaketi katika nyumba ya serikali ile ile.

Hoja yangu ya bomba ikaonekana kitu cha kitoto. Mji ule Desemba 1969 haukuwa na kiu ya mfereji mpya. Ulihitaji mtu wa kusimama Nairobi, mahali ambapo jina la Kisumu lilikuwa limeanza kutamkwa kwa sauti ya chini, na kufungua mdomo.

Unaweza kusema ile kura ilikuwa ya kukosa pa kwenda. Nami nimelifikiria hilo. Chama kikiwa kimoja, kila kura ina harufu ya lazima. Lakini hata ndani ya chama hicho kimoja kulikuwa na majina zaidi ya moja, na mwaka ule wabunge wengi waliokuwa madarakani, wakiwemo mawaziri, walipigwa chini na wapiga kura nchi nzima. Watu walikuwa wanachagua. Kisumu ilichagua mtu iliyemjua kwa kazi ya mtaani. Siwezi kuiona hiyo kama ajali.

## Mmoja kati ya 158

Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 158. Mwanamke aliyekalia kimojawapo alikuwa yeye tu. Kwa miaka mitano, kila mtu aliposema "wabunge wanawake waliochaguliwa" alikuwa anasema Grace Onyango.

Mwaka 1974 walimfuata Julia Ojiambo, Chelagat Mutai na Nyiva Mwendwa. Ndio mwaka huo huo, tarehe 4 Julai, Kenyatta alipoamuru Kiswahili kiwe lugha ya Bunge, na waheshimiwa waliokuwa wakitiririka Kiingereza wakaanza kutafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo gizani. Hilo ningelilipia tiketi kulitazama. (Haikudumu kwa ukamilifu, miswada ilirudi kwenye Kiingereza, na baadaye lugha zote mbili zikaruhusiwa. Lakini kwa kitambo, aliyezoea kuzungumza na wachuuzi sokoni ndiye aliyekuwa na faida.)

Nilisema mbunge wa zama zile alikuwa na mdomo tu, kana kwamba mdomo ni kitu cha bure. Machi 1975 mbunge J.M. Kariuki aliuawa. Bunge liliunda kamati, Elijah Mwangale akaiongoza, na ripoti ikafika mezani Juni, ikiwa na majina yaliyokatwa kabla ya kuwasilishwa. Oktoba mwaka huo wabunge Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge. Mwaka 1976 Chelagat Mutai alifungwa. Hiyo ndiyo nyumba aliyokuwa akiketi Nya'Bungu. Kule juu ya ngazi palikuwa na upepo.

Na kuanzia 1979 akawa Naibu Spika wa Muda. Kidato cha mwisho, rambirambi zinasema. Mimi hapa husimama kidogo. Kazi ya aliyekalia kiti kile ni kuwapa wengine nafasi ya kusema: kutaja jina, kutuliza kelele, kuamua nani yuko nje ya utaratibu. Mtu aliyetumwa na mji uliojeruhiwa kwenda kuusemea, akafika mahali pa heshima kubwa kuliko pote, na mahali hapo panamtaka anyamaze asikilize. Pengine ndiyo siasa. Pengine ndiyo tuzo aliyopewa. Siipendi sana tuzo hiyo, ingawa picha ya mwanamke kwenye kiti kile, mwaka ule, nisingetaka ikosekane.

Aliutumikia ubunge hadi 1983. Miaka 14.

## Basari

Mheshimiwa alikuja mwenyewe wiki ya nne. Hadithi ya wino ilikuwa imeisha nguvu. Akakaa safari hii, akaagiza soda dukani kwa jirani, na kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, tukabaki tukitazamana.

Nikamuuliza. "Mheshimiwa, kwa nini usibaki wadini? Watu wanakupenda."

Nilitarajia hotuba. Akanipa jibu.

"Ndugu yangu, Januari ikifika, saa kumi na mbili asubuhi kuna akina mama arobaini mlangoni kwangu. Kila mmoja ana mtoto na barua ya shule. Mimi nina nini? Basari ya kaunti ikigawanywa ni kidole. Nikimwambia sina, anakwenda ofisi ya mbunge, anaandikiwa hundi ya shule. Elfu tatu, elfu tano. Kura zikija atamkumbuka nani?"

"Lakini kazi yako si karo. Ni kutunga sheria za kaunti na kumchunga gavana."

Akanitazama kwa huruma. "Waeleze wewe."

Umeme uliporudi nilikuwa nimepata kitu nilichokitafuta wiki zote hizo, na sikukipata kwenye maisha ya Grace Onyango. Nilikipata kwenye soda ya Mheshimiwa.

Ncha za ngazi zimebadilishana.

Mwaka 1969 diwani ndiye aliyekuwa na bomba, shule na zahanati, na mbunge alikuwa na mdomo. Leo mbunge ndiye mwenye bomba. Tangu 2003 kuna mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, CDF, uliotengewa asilimia 2.5 ya mapato ya serikali: madarasa, ofisi za machifu, basari. Mahakama ya Juu ilisema Agosti 2022 kwamba sheria ya mfuko huo ya 2013 inakiuka Katiba, kwa kuwa anayetakiwa kuichunga serikali hawezi kuwa pia mwenye kugawa fedha za serikali. Kufikia wakati huo mfuko wenyewe ulikuwa tayari unaendeshwa chini ya sheria nyingine, ya 2015. Na huyu wa wadini, ambaye ndiye tunayemjua anakolala, Katiba ya 2010 imempa kazi ya kusema, kuhoji na kupitisha bajeti. Amebaki na mdomo, na mlango wenye akina mama arobaini.

Nya'Bungu aliacha mfereji akafuata sauti. Mheshimiwa wangu anaacha sauti akafuate mfereji. Wote wawili tunawachorea ngazi moja.

Hapo niliacha kumhukumu. Kidogo. Kwa sababu swali moja bado lilikuwa limenikaa kooni, na nilimuuliza akiwa anasimama kuondoka: akifika kule juu, akapata mfuko, akaanza kusaini karo, siku serikali ikikosea, nani atauliza?

"Tutauliza," akasema. "Lakini kwanza watoto wasome."

Jibu zuri. Nimejaribu kulichukia nimeshindwa.

## Bango

Juzi nikamaliza kazi. Nilimsafisha begani, nikamweka kwenye kidato cha nne, mguu mmoja juu kama alivyotaka. Halafu, bila kuombwa, nikaongeza mtu mdogo chini kabisa. Mwanamke, leso kiunoni, mgongo umetugeukia, mikono yote miwili imeishika ngazi.

Mheshimiwa aliliangalia kwenye skrini kwa muda mrefu. Nilidhani labda.

"Huyu nani?"

"Anayeshika ngazi, Mheshimiwa."

"Mtoe. Atachanganya watu. Watasema ni mke wangu, na mke wangu si mnene hivyo."

Nikamtoa. Mashine ikachukua dakika kumi na mbili, bango likatoka, nikalipiga matundu, akalipa nusu iliyobaki na mia mbili ya chai juu yake. Nikasikia gari lake likipiga honi barabarani kama tayari ana msafara.

Faili la kwanza sikulifuta. Mama Mandazi alilikuta limefunguka alipokuja jioni na ndoo yake tupu.

"Huyu sasa ameshikiwa," akasema.

"Hakumtaka, mama. Amesema nimtoe."

Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo halifanyi. Akauliza nakala moja ya karatasi ya kawaida ni pesa ngapi. Nikamwambia nyeusi ni kumi, ya rangi ishirini.

Akafungua fundo la leso. Akachukua ya rangi.